King'ora Kilichongoja Rangi Ikauke

Wasomaji wangu, leo nilikusudia kuwaletea soga zetu za kawaida, ila simu iliyonikuta juma lililopita nikinywa chai imenivunja moyo. Mama aliyekuwa akiniuzia samaki Makina, kule Kibera, kabla hajahamia Kawangware, amefariki. Waya wa umeme uliungua kando ya kitanda chake, godoro likafuka, naye amelala. Majirani walipovunja mlango, moto wenyewe ulikuwa wa kuzimwa kwa ndoo za maji. Moshi ndio uliomuua. Nimelia, na sioni haya kusema hivyo.

Mama huyo nilimjua kwa ulimi wake kabla ya kumjua kwa samaki wake. Kikundi cha mtaani kilipoanza kufunga ving'ora vya moshi Kibera bila malipo, alijitolea kusaidia. Taabu ilizuka mara watu walipokaanga omena, wale dagaa wa ziwani. Katika chumba kimoja cha mabati, jiko na kitanda vinatazamana, na king'ora kikinusa moshi wa kikaango hupiga kelele hata pasipo hatari. Watu wakajitafutia dawa: wakavivalisha soksi. Mama yule akawa anapita mlango kwa mlango akiwatania, "Hii kitu mmeivalisha soksi, kwani inaskia baridi?" Anapanda stuli, anavua soksi, anakihamishia king'ora mbali na jiko, juu ya kitanda, kisha anabonyeza kitufe. Mlio ukikoma anapaza sauti, "Majirani, mmeskia?" Ploti nzima, yaani wapangaji wote wa ua ule, ilipaswa kuitikia, "Tumeskia!" Wakinyamaza, anabonyeza tena, watoto wanacheka na watu wazima wananuna. Nilimwuliza kwa nini asumbue watu namna ile. "Moshi ikishanilewesha, mimi siwezi jiamsha," akanijibu. "Ni jirani ndio ataniamsha. Sasa lazima nijue anaskia."

Matangani, kwenye ploti alikohamia karibu na steji ya matatu iitwayo 56, wanawake waliokuwa wakipanga vyombo vyake walitoa beseni chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na king'ora chake cha Makina, alichohama nacho, skrubu zake zimefungwa kwenye kitambaa. Mzee mwenye ploti alikitazama, kisha akavua kofia. "Nilikuwa nimetoka kupaka hiyo siling rangi," akatuambia. "Akaniuliza kama anaweza toboa afunge hii kitu. Nikamwambia angoje ikauke kwanza. Hakurudi kuniuliza tena." Nilitaka kumkasirikia, ila alikuwa ameanza kukifuta vumbi kile king'ora kwa kofia yake. Na tuseme ukweli, sisi wapangaji wa Nairobi tunajuana. Msumari tu tunauombea ruhusa. Tunaogopa notisi ya kuhama kuliko moto, tunaona aibu kumgongea mwenye nyumba mara ya pili, tukisubiri atukumbuke. Mwenye nyumba naye ana mambo yake, anasahau. Mama aliyevua soksi za Makina nzima bila kumwogopa mtu alinyamaza mbele ya dari lililopakwa rangi upya, kwa adabu tu. Rangi ilikauka, yeye akaendelea kungoja.

Siku ya kumsafirisha kwao ziwani, kabla gari halijaondoka, mzee alikuja na drili. Alikifunga king'ora kile katika chumba cha jirani aliyekuwa wa kwanza kuvunja mlango, akabonyeza kitufe. Mlio ulipokoma alibaki juu ya stuli. Mwanamke mmoja aliyetoka Makina akapaza sauti, "Majirani, mmeskia?" Huko Kawangware hakuna aliyekuwa amefundishwa kuitikia. Aliyejibu mwishowe ni mzee mwenyewe, akilia: "Tumeskia, mama."

Nimerudi na neno moja tu kwa wenye ploti, Kawangware, Kibera na kwingineko. Msingoje mpangaji aje kuwaomba ruhusa ya kutoboa dari. Pandeni nyinyi wenyewe mkafunge ving'ora. Mama wa samaki aliomba mara moja tu.