Mtani Kizingitini kwa Stamili

Mtabisha, najua. Hata wanaoamini kila nisemacho, na ni wengi hapa Masasi, hii wataikataa: kwamba mpwa wangu Stamili, fundi cherehani asiyeogopa ulimi wa mteja yeyote, aliogopa bisibisi.

Kodi ya chumba ilikuwa imemlimbikia. Wateja wake wa Chiungutwa walichukua magauni ya harusi kwa ahadi ya malipo ya korosho, malipo yakachelewa. Mwenye nyumba, Mzee Danieli, akatamka kwamba Ijumaa anang'oa mlango. Chumba bila mlango, na mtoto wa kike ndani? Mzee alijua anachofanya.

Ijumaa hiyo asubuhi Stamili alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. "Mpangaji hatolewi kwa bisibisi, ni kwa amri ya baraza la ardhi na nyumba," akaambiwa. "Nenda, nakuja." Akarudi, akasukuma cherehani nyuma ya mlango, akasahau kuwa mlango wenyewe hufunguka kwa nje! Akamkumbatia binti yake, Naima. Mwenyekiti hajatokea. Akaja Danieli na seremala.

"Mama Naima, mlango unatoka!"

"Shikamoo, Mzee," akajibu huko ndani.

"Marahaba. Seremala, anza."

Bisibisi ikalia kriii. Stamili alihisi inazungushwa ubavuni mwake.

"Mama, tutalala wapi?" Naima akanong'ona.

Ndipo jirani yake Veridiana, ambaye ukoo wake na wa Danieli ni watani tangu mababu, akakaza kanga, akajilaza kizingitini, kama watani wanavyoziba njia ya jeneza msibani mpaka wapewe chao.

"Danieli, maiti haipiti! Lete kwanza kuku wa watani!"

"Toka hapo, mwanamke! Huu si msiba!"

"Anayemfukuza mama na mwanawe keshakufa. Nimekuja kukuzika."

Seremala alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Danieli akatweta, lakini nani amruke mtani aliyelala? Wakiwa bado wanarushiana maneno, mwenyekiti akatokea. Ikakubaliwa: Stamili atalipa malipo ya korosho yakitoka, na mlango usiguswe.

Basi jamani, wakati huo bawaba zote zilishang'oka, mlango umesimama kwa kudura tu, na Stamili ameushikilia kwa kidole kimo—

"Mjomba! Ilitoka skrubu moja. Na niliushika kwa mikono yote miwili."