Kurasa Tatu za Siwema

Mwalimu Wilbroad wa Chemchem alistaafu miaka tisa iliyopita. Aliacha chaki tu, watoto hakuwaacha. Kila Jumamosi baada ya katekisimu aliwasomea hadithi kwenye chumba cha vitabu cha parokia, na karibu kila mara zilikuwa za mwandishi yuleyule, bingwa wa visa vya wapagazi, simba na mito iliyofurika kwenye njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Kwa Mwalimu, mwandishi huyo hakosei, na aliyebisha alijitafutia ugomvi.

Kitabu chake kipya kilipofika, Apolinaria, binti aliyeshika ufunguo wa kabati, alimwonya. "Mwalimu, safari hii kabadilika. Kisome kwanza peke yako."

"Nilianza kumsoma wewe hujazaliwa," Mwalimu akamkata kauli.

Basi akakifungua mbele ya watoto ishirini. Simba hakuwemo. Alikuwemo Siwema, mtoto wa mpagazi, mgonjwa, aliyeachwa porini pamoja na mizigo iliyotupwa. Jua likazama, na furushi moja likaanza kumwita kwa sauti ya mama yake. Watoto wakaacha hata kukohoa. Mwalimu mwenyewe nywele zilimsisimka, akafunga kitabu. Alisema wataendelea siku nyingine, huku akijua hataendelea ng'o.

Kesho yake baada ya misa akina mama walimzunguka. Watoto hawakulala, wamekojoa vitandani, chooni hawaendi bila kusindikizwa. Nani kachagua kitabu kile? Na huyu mzee mzima, aliyewachapa wengi kwa kusema uongo, akajibu, "Mimi nasoma ninachopewa. Muulizeni Apolinaria."

Apolinaria alikuwa amesimama nyuma yake. Akageuka, akaenda zake. Jumatatu akanyang'anywa ufunguo, na Mwalimu akaanza kupita njia za uani ili asikutane naye. Aliona aibu hata kunyoa ndevu, maana ilibidi ajitazame kiooni.

Alhamisi akaja Kabula, mmoja wa wale watoto ishirini, binti wa jirani yake Benigna, ambaye naye alikuwemo kati ya akina mama wa Jumapili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Siwema bado yuko porini?"

Mwalimu alikitoa kitabu chini ya godoro alikokificha, akavaa miwani, akasoma. Zilibaki kurasa tatu tu. Katika ule wa mwisho furushi lilisogea, na nyuma yake alikuwa mama kweli, ametoroka msafara kumrudia mwanawe.

Kabula akashusha pumzi. "Kumbe kizuri! Sasa dada Apolinaria kafukuzwa kwa nini?"

"Kwa sababu yangu. Aliniambia nikisome kwanza, nikampuuza. Halafu nikamsingizia."

"Mama anajua?"

"Hajui."

Mtoto akafikiri kidogo. "Basi na dada Apolinaria umemwacha porini, babu."

Mwalimu akatafuta kandambili zake, akamfuata hadi kwa Benigna, kitabu kwapani, macho chini.