Tulipoipita Makka

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nilipomfokea mzee wa watu aliyekuwa akinisaidia.

Nilikuwa afisa mifugo kijana hapa Garissa, nimepelekwa Lebanoni kwa mafunzo ya miezi miwili pamoja na afisa mwenzangu, Hassan wa Takaba. Aabo, yaani baba yangu, aliniaga kwa agizo moja tu: nisirudi nyumbani na swala hata moja iliyopotea. Kule mjini halikuwa jambo gumu, tulimfuata imamu msikitini, basi.

Siku ya mapumziko wenyeji wetu wakatupandisha milimani kuangalia nyumba kongwe ya watawa wa Kikristo iliyochongwa kwenye jabali. Sisi watu wa nchi tambarare! Hassan alipanda ngazi akishika ukuta kwa mikono miwili, nami nikamcheka ilhali mwenyewe sithubutu kutazama chini. Tulikawia huko juu hadi alasiri ikaanza kutuponyoka, na basi letu lilikuwa liondoke kabla ya magharibi.

Mtawa mmoja mzee akatupa maji ya udhu na mkeka safi. Nilimsemesha kwa Kiarabu changu cha madrasa, lakini kumwuliza mtawa kibla, kiburi kilinikataza. Nikamwuliza tu kaskazini ni wapi, maana hapa kwetu tangu utotoni tunaswali kuelekea kaskazini. Akanionyesha. Nikatangulia kuwa imamu, Hassan nyuma yangu, tukaswali.

Tulipotoa salamu, mzee akasema kwa upole, "Samahani, wanangu. Waislamu wanaokuja hapa huelekea upande ule." Akaonyesha nyuma yetu kabisa.

"Mzee, mimi nimezaliwa Muislamu," nikamfokea. "Wewe utanifundisha kuswali?"

Mzee aliinama akaanza kukunja mkeka. Hassan ndiye aliyenigusa bega.

"Walaal, ndugu yangu, hebu ngoja. Ndege ya Nairobi ilitushusha Jidda, siyo? Halafu tukapanda nyingine, ikaendelea mbele kaskazini. Wallahi, Makka tumeiacha nyuma!"

Tulikuwa tumeipa Makka mgongo, na mimi ndiye niliyemwongoza mwenzangu. Chini honi ya basi ikaanza kulia. Nikatazama jua, limebaki kidogo tu juu ya mlima. Nikamgeukia mzee.

"Baba, nisamehe. Tunaomba mkeka tena."

Akautandika mwenyewe, akauelekeza kusini, kisha akateremka ngazi zile zote kwenda kumwambia dereva atusubiri. Nilipotoa salamu mara ya pili jua lilikuwa halijazama. Nililia kwa furaha, mwanangu, wala sikuona haya. Ilikuwa kama nimetuliwa gunia la sukari lililokuwa mgongoni.

Najua simu yako inakuonyesha kila upande. Ninachokuomba ni kingine. Ukiwa ugenini, uliza kitu chenyewe unachokitaka, usizunguke ili usionekane hujui. Na mtu akikusahihisha, pima kwanza anachosema kabla hujauliza yeye ni nani. Mimi nilimdharau mtu kwa sababu ya joho lake, kumbe ndiye aliyeiokoa swala yangu.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia zenye heri. Na siku utakayopotea, akukutanishe na mtu wa kukuambia, akupe na sikio la kumsikia. Amin.