Tumbo la Fundi Napita

Mjini aliishi miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo alikataa katakata kuwa mtu wa mjini. Ukimuuliza fundi cherehani yule kwa nini chumba chake hakina hata kabati, alikujibu, "La nini? Mimi napita tu hapa." Basi watu wakamwita Napita, na jina likamganda.

Lakini kwenye kula, mwenzangu, alikula kimjini hasa. Asubuhi mkate mweupe na chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Mchana chipsi na soda, palepale kwenye meza ya kushonea. Mboga za majani ni siku akizikumbuka. Na mwendo je? Hatua ishirini kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, nayo ilikuwa ya umeme, iliyomnyima hata ile kazi ya kupiga pedali.

Mdomo ukiwa na chipsi, moyo ulikuwa kwao. Alikumbuka yeye na dada yake mkubwa wakifukua viazi vitamu, wakivifuta kwenye nguo na kuvitafuna vibichi na mchanga wake. Alikumbuka sufuria moja ya maharage, mikono minane ndani yake, na matunda ya porini yaliyowaacha na midomo myeusi, mama akiwagombeza huku naye anakula. Ee, utamu ule! Wateja wake walikwisha kuzikariri hadithi hizo.

Kisha ngazi zikaanza kumshinda. Kliniki walimkuta presha iko juu, na daktari, mama mmoja mcheshi, akamweleza kwamba anafanya utafiti. Alitafuta ndugu waliolelewa pamoja, mmoja akabaki kijijini, mwingine akahamia mjini. Alitaka kulinganisha vijidudu vya matumboni mwao, maana walishuku vina mkono katika afya ya moyo.

"Vyangu na vya dada ni vilevile," Napita akasema kwa kujiamini. "Chungu kimoja kimetulea. Pima, utaona mwenyewe."

Kwake huo haukuwa utafiti, ulikuwa ushahidi. Madaktari wenyewe, kwa mashine zao, wangethibitisha kwamba yeye bado ni mtu wa kwao. Akapewa vikopo viwili vyenye vifuniko, akapanda basi.

Dada yake, aliyemzidi miaka saba, alimlaki na mzigo wa kuni kichwani, wala hahemi. Alipoelezwa shida yenyewe, aliutua mzigo, akashika kiuno.

"Yaani umesafiri siku nzima kuja kuniomba kinyesi? Huko mjini kimeadimika?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Lakini alimpa, na mhudumu wa zahanati ya jirani akampima dada presha.

Baada ya miezi miwili daktari akamwita Napita. Akavaa shati la pasi kama anayekwenda kupokea cheti.

"Dada yako ana aina nyingi sana za vijidudu, hasa vile vinavyokula nyuzinyuzi za mboga na maharage," daktari akasema taratibu. "Na presha yake ni kama ya msichana. Kwako vingi kati ya hivyo sikuviona. Tumbo lako linafanana na langu, mzee wangu, na mimi nimezaliwa hapahapa mjini."

"Vinaweza kurudi?"

"Baadhi, pengine. Siwezi kukuahidi. Kula mboga, kula maharage, tembea. Na vidonge usiviache."

Napita akatoka bila hata kuaga. Ilimuuma, jamani, na si presha iliyomuuma. Alifika kazini, akakaa mbele ya gauni la mteja, akakosa hamu ya kutunga uzi. Simu ikaita.

"Mdogo wangu, wamesemaje?" Alikuwa dada yake.

Alitaka kudanganya, ulimi ukamgomea. "Eti tumbo langu ni la mjini. Waongo hao! Kila nikija si nakunywa maji ya kisima kama nyinyi? Lini mmeniona naugua?"

Dada yake, mtu asiyekosa neno hata msibani, akaanza kufukuza kuku.

"Dada?"

"Usikasirike, mdogo wangu. Ulipokuja kututembelea mara ya kwanza, tumbo lilikuendesha siku tatu, ukasingizia uchovu wa safari. Mama akatukataza kukwambia kitu. Tangu hapo, ukija, tunakuchemshia maji. Tunayapoza, tunayatia mtungini kabla hujaamka. Mama alipofariki nikaendelea mimi."

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa mgeni."

"Mgeni gani anachemshiwa maji kwa siri?" Dada yake akawa mkali. "Ungekuwa mgeni tungekwambia. Tulikuficha kwa sababu tulijua ungeacha kuja."

Napita alilia palepale juu ya gauni la watu, simu sikioni, na dada yake akamsubiri amalize.