Siku Nilipowacheka Walinzi wa Kiwanda

Siku moja ya mvua ya mawe haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nakusimulia bila kujipamba, maana aliyekosa siku ile ni mimi.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, katika shamba la chai upande wa Kapsoit. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa kutoka ziwani, mfagiaji wa kiwanda. Nilikuwa nimesoma misheni kuliko wenzangu, lakini haya iliniziba mdomo. Yale niliyoshindwa kuyasema niliyaandika daftarini. Sisi wafagiaji tulikuwa karibu sote watu wa ziwani. Walinzi walikuwa Wakipsigis. Sisi tulishika fagio, wao rungu, na hatukuketi pamoja.

Mlinzi mmoja aliitwa arap Chumo, mzee mpole kutoka Soin. Mvua ile ya mawe ilimkuta langoni akiwa na shati tu, akakimbilia kibanda chetu cha fagio. Meneja akamfumania humo, akasema ameacha lindo: Jumamosi atoke shambani, yeye na mke na watoto. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mkubwa wetu wa wafagiaji, tuliyemwita Jaduong', yaani mzee, akaita watu wote nyuma ya rundo la kuni, walinzi na wafagiaji. "Wakimtoa huyu kwa sababu ya mvua," akasema, "nani atabaki? Si hapa inanyesha kila siku?"

Arap Chumo akasimama aseme. Ulimi wa kwao hautenganishi sana t na d, k na g, wala s na z. "Mimi sikimbii kasi," akasema. "Lakini sisi walinzi tunadaka makodi."

Alitaka kusema makoti. Kila mtu alielewa; shati lake lilikuwa bado limelowa. Lakini, mwanangu, kodi ya kibanda, ile serikali iliyotoza kila nyumba, ndiyo iliyotutoa sote makwetu kuja kufanya kazi pale, na hapakuwa na neno tulilolichukia zaidi. Na mimi, ambaye mwaka mzima sikuwa nimefungua mdomo mbele ya watu, nikaufungua.

"Serikali imesikia, mzee! Makodi yatakuja. Ya kibanda, ya rungu, hata ya mvua!"

Wafagiaji walicheka mpaka wakashikiliana. Nami nikasikia utamu ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Kumbe mtu mwenye haya akimcheka mwenzake hujiona jasiri, na ujasiri huo ni wa bei rahisi sana. Arap Chumo aliniangalia, wala si kwa hasira. Akaokota rungu lake, akaondoka. Walinzi wote wakamfuata.

Jaduong' hakunipiga. Aliniuliza tu, "Wewe umesoma, sivyo?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Sema shauri."

"Sauri."

"Tena."

"Sauri." Ndimi zetu za ziwani, mwanangu, hiyo sh huwa zinaiacha njiani; wake tu ndio uliokuwa umeizoea.

"Na hakuna Mkipsigis amekucheka hata siku moja. Umemfukuza yule mzee kabla meneja hajamfukuza. Nenda uwarudishe. Na usiwapelekee barua, nakujua. Enda na mdomo huo huo."

Ijumaa mchana nikaenda kambi ya walinzi. Nilizunguka ua wao mara mbili nikitafuta ujasiri. Nilipoingia nikamwona mke wa arap Chumo anafunga sufuria ndani ya shuka, na maneno yote niliyoyapanga yakapotea.

"Baba," nikasema, "nilikukosea mbele ya watu, nimekuja kuomba msamaha mbele ya watu. Rudini tukae. Tufanye sauri moja."

Arap Chumo akainua kichwa. "Sauri? Hiyo ni mnyama kani? Inakulwa?"

"Pengine ni ya siwa," mlinzi mwingine akadakia. "Iko na mifupa mingi."

Walicheka mpaka mmoja akalala chini, nami nikacheka, machozi yakinitoka. "Kaa hapa, weri," arap Chumo akaniambia. Ndivyo wanavyomwita kijana wao. Mkewe akafungua ule mzigo kunitafutia kikombe, akanimiminia maziwa ya kibuyu. Jioni ile walinzi wakarudi nami penye kuni, tukapatana.

Jumamosi asubuhi hakuna aliyeosha sakafu. Wakati ule chai iliyosagwa ilitandazwa chini igeuke rangi, na sakafu isiyooshwa tangu jana huiharibu yote. Tuliegemeza fagio ukutani. Majani yalikuwa yameshaingia mashineni, hayangoji.

Meneja akatoka mbio. "Askari! Ondoa hawa!"

Walinzi walikuwa pale pale, wamesimama katikati yetu, marungu yameelekea chini. Hakuna aliyeinua mguu. Hapo ndipo nilipoelewa Jaduong' aliona nini: wafagiaji peke yetu tungefukuzwa na walinzi, na walinzi peke yao wangeletwa wengine badala yao kabla ya saa sita.

"Bwana," Jaduong' akasema, "sakafu itaoshwa arap Chumo akisimama langoni. Na walinzi wapewe makoti."

Meneja aliangalia mashine, akaangalia saa yake, akatuangalia. "Arudi kazini. Makoti ni Jumatatu."

"Basi leo tutaosha. Na Jumatatu tutaangalia."

Jumatatu makoti yalitoka stoo, mapana, yananuka magunia. Jua lilikuwa kali siku hiyo, lakini hakuna mlinzi aliyevua lake. Arap Chumo alitembea nalo langoni kama chifu, nasi tukampigia makofi kwa fagio zetu.

Hatukuwa na jina wala muhuri, ila kila mwezi tulikutana pale penye kuni. Vijana waliokuja baadaye ndio walioleta neno yunioni, yaani chama cha wafanyakazi, wakakuta wazee tumeshajua kukaa pamoja.

Basi, mwanangu unayefagia, nawe unayelinda, nisikie. Katika mkutano wa wafanyakazi, sikia mwenzako anataka nini kabla hujasikia anatamka vipi. Ukimwaibisha mbele ya watu, mrudie mbele ya watu, hata kama haya inakuziba mdomo. Wala usidharau kazi yako. Kiwanda hakifunguki mpaka wewe umekubali.

Mungu akulinde kifua na miguu, akupe kazi ya heshima, na siku utakayosimama kudai haki, akuzungushie watu.