Hasna Hakununuliwa Nguo za Kukulia

Mama yeyote wa Dar akimnunulia mtoto nguo huku Guangzhou, China, huchukua kubwa, ya kukulia. Swalha, hapana. Binti yake Hasna alinunuliwa ya kumkaa sawasawa leo, basi. Wafanyabiashara wenzake pale jengo la maduka la Tianxiu walimtania: "Jamani, huyu ana hela za kuchezea!" Naye alicheka nao, akarudia vitambaa vyake alivyotoa soko la Zhongda.

Hela za kuchezea wapi! Mtoto ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Alipokuwa kichanga, shoga yake mama mmoja mwenye mdomo usio na breki alimwambia Swalha kwamba watoto wa hivyo hawafiki miaka kumi. Shoga mwenyewe nadhani keshasahau. Swalha hakusahau.

Shule hakumpeleka. Ya nini kumchosha? Alikuja naye China, akamkalisha nyuma ya duka, akamlisha alichotaka, wala hakumgombeza hata siku moja. Kila maumivu yalipompanda alimkumbatia akijua ndiyo basi tena. Hasna akavuka kumi. Akavuka kumi na mbili. Badala ya kufurahi, mama akazidi kuogopa, na uchungu wa namna hiyo sikuombei hata wewe usiyenipenda.

Ndipo akaja dukani Kissa, muuguzi wa watoto kutoka Mbeya, anayefanya utafiti wake wa masomo hapa mjini. Akaketi juu ya robota la vitambaa.

"Mama Hasna, mimi siangalii homa ya leo peke yake. Nataka kujua utoto wa mtu unavyomfikisha uzeeni."

"Uzeeni!" Swalha akaguna. "Dada, wewe nesi wa watoto au wa vikongwe?"

"Mtoto na kikongwe si mtu yuleyule?" Kissa akamgeukia binti. "Hasna, ukiwa mtu mzima, ungependa nani akusaidie mambo ya dawa na kliniki?"

"Atanitegemea mimi," Swalha akadakia.

"Mwache aseme mwenyewe, dada yangu."

Hasna akawatazama wote wawili. "Kwani mimi nitakuwa mtu mzima?"

Kissa akamjibu. "Siwezi kukuahidi, mdogo wangu. Lakini kwa matunzo mazuri wengi wanafika. Nimewahudumia wenye sikoseli ambao sasa wana watoto wao."

Furaha ilimjia Swalha, wallahi ilimjia, lakini ikaja na aibu. Miaka yote hiyo alikuwa anamlilia mtoto aliye hai, amekaa pale pale anakula naye.

"Mama," Hasna akauliza, taratibu, bila hasira, "sasa mbona hukunipeleka shule?"

Swalha, anayebishana na mabosi wa Kichina mpaka wanasalimu amri, alitafuta uongo akaukosa.

"Nilikuwa nangoja ufe, mwanangu."

Akanyoosha mikono amkumbatie kama siku zote. Hasna akarudi nyuma, akaenda kusimama karibu na Kissa.