Mwacheni Akiru Acheze

Mwanangu Ekai, iko asubuhi moja ya Lodwar ambayo goti langu halijaniruhusu kuisahau. Nilikuwa darasa la tatu, nakimbia mashindano ya shule, na baba yangu alikuwa ameingiwa na tamaa ya vikombe. Kila alfajiri aliniamsha twende mtoni Kawalase, kwa sababu mchanga wa mto mkavu, alisema, hukomaza miguu. Mimi nakimbia, yeye ameshika saa. Jioni tena vivyo hivyo, huku wenzangu wakicheza.

Nilipoanza kuchechemea, alinikanda kwa maji moto akaniambia nijikaze. Hakuwa mkatili, usimfikirie vibaya. Alinipenda, ila alikuwa na haraka.

Asubuhi hiyo nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa ametoka malishoni kutuletea maziwa. Alinikuta nimekaa chini nafunga kitambaa gotini. Mimi hakunisemesha. Alimfuata baba.

"Tukihama," alimwambia, "mtoto wa punda anatembea bila mzigo, hata mizigo ikiwa mingi. Wewe umekua ukiona hivyo. Huyu umembebesha nini?"

Baba alitia saa mfukoni. Lakini mashindano yalikuwa yamekaribia, akaniomba nikimbie hayo tu ya mwisho. Nikashinda, Ekai. Tangu siku hiyo sikukimbia tena. Goti lilikataa, na hata lingepona, hamu ilikuwa imeniisha. Nilipofika umri wa wasichana kukimbia kweli, nilikaa pembeni nikiwalindia wenzangu ndala.

Tangu uanze kumkimbiza binti yako Akiru, haya nimekueleza mpaka nimechoka. Unanijibu kwamba siku hizi kuna makocha na viatu vizuri, na kwamba hapo Kakuma mtoto asiye na kipaji hana pa kutokea. Shida naijua, nimeishi nayo. Lakini Akiru ana miaka minane. Juzi ulipomleta kwangu, watoto wa jirani walimwita wakimbizane uani. Akasimama, akaniangalia.

"Nyanya, na saa atashika nani?"

Niliingia ndani nikalia, na wewe ulikuwa nje unaongea na simu.

Basi nakuomba, wewe na wazazi wenzako mnaowakimbiza watoto kwenye barabara ya Kalobeyei kabla jua halijatoka. Mtoto akisema anaumwa, mwaminini siku hiyohiyo, mpumzisheni. Leo acheze mpira, kesho aruke kamba, siku nyingine asifanye lolote. Kama kipaji anacho, atakuwa nacho hata akifika sekondari. Na asipokimbia kabisa, bado ni mtoto wako, na chakula chake ni kilekile.

Mungu akupe mvua, mwanangu, na mifugo yenye maziwa, na nyumba yenye kelele za watoto. Akiru naye amrudishie utoto wake, angali mtoto.